Sajini Chini ya Leso

Ukipita mtaa wetu wa Lindi ukasikia mtu akiitwa "Mkwe wa Sajini", halafu watu watatu wanne wakacheka mpaka wakashika ukuta, ujue anayeitwa ni mimi, na ujue pia kwamba ile hadithi wanayosimulia pale kwa muuza mandazi imetiwa chumvi nyingi (sikuanguka, nilikaa chini kwa haraka). Nimeona afadhali niieleze mwenyewe bila kujificha, kwa sababu aibu yenyewe ilikuwa kubwa ya kutosha, haikuhitaji kuongezewa, na nikingoja watu waisahau nitazeeka kama mbwa wetu mwenyewe.

Naitwa Omondi, fundi wa chuma. Natengeneza milango, madirisha na yale masanduku ya bati ambayo wanafunzi huenda nayo shule za bweni, shule ambazo mimi sikuzifikia kwa sababu niliachia darasa la saba, mwaka ambao mama alifariki, baba akiwa ametangulia mwaka mmoja kabla yake. Nilibaki na dada zangu wadogo wawili, Achieng aliyekuwa na miaka kumi na Atieno aliyekuwa bado anafungwa nepi, pamoja na kijibwa ambacho mama alikuwa amekileta kutoka mtaa wa Ayany, alikokuwa akifulia watu nguo, akiwa amekifunga mgongoni kwa leso kama mtoto. Baba mdogo, ndugu ya baba, alikuja matangani mikono mitupu akarudi nyumbani na televisheni, redio, godoro na ile sufuria kubwa ya sherehe, akisema anatuhifadhia (mpaka leo anahifadhi, na anahifadhi vizuri sana maana hatujawahi kuviona tena). Kijibwa hakukichukua kwa sababu kondakta wa basi alikataa. Kwa hivyo ndicho tulichorithi.

Kijibwa kilikua kikawa Sajini. Jina alipewa na mama, kwa vile alivyokuwa akisimama mlangoni kifua mbele hata kabla hajajua kubweka. Alikuwa mbwa mkubwa wa rangi ya chai ya maziwa, na kwa miaka mingi mwizi aliyetaka kuingia kwetu ilimbidi kwanza afikirie. Hiyo ni zamani. Sasa ana miaka kumi na minne na zaidi, hasikii, jicho moja limekuwa jeupe kama yai la kuchemsha, meno yamekwisha, na miguu ya nyuma imekakamaa hivi kwamba ukimnyanyua akiwa usingizini hulia kama mtu anayeibiwa. Chakula chake nampondea mwenyewe kwa kijiko, ugali na omena. Majirani huniambia nimpeleke mahali akapumzishwe. Mimi huwauliza wao wazee wao wamewapeleka wapi.

Sasa, mwaka jana nilipata kazi ya kuweka grili kwenye madirisha ya ploti moja ya nyumba za kupanga kule mtaa wa Kawangware 46, ploti ya Mzee Njoroge, mtu ambaye ukoo wake ulikuwa na shamba pale kabla nyumba hazijaota, na ambaye hawezi kukusalimia bila kukuonyesha ploti nyingine kwa kidole. Achieng alikuwa akiniletea chakula cha mchana. Mwana wa mzee, Kamau, kijana mpole anayesimamia duka la familia la misumari na rangi, akawa na haja kubwa ya kukagua grili, na la kushangaza ni kwamba grili zilihitaji kukaguliwa saa saba kamili mchana, na siku ambayo Achieng hakuja hazikuwa na shida yoyote. Mimi si mjinga. Niliichelewesha kazi wiki nzima makusudi.

Wakapendana vizuri, kwa heshima, mpaka Kamau akamwambia babake kwamba anataka kuoa. Jibu la mzee likanifikia bila hata kupunguzwa makali: "Siwezi kukaa niongee mambo ya mahari na kijana wa grili. Kwani hao hawana wazee?"

Wazee tunao, na hapo ndipo penye shida. Baba mdogo akazipata habari, sijui kwa nani, akapiga simu siku hiyo hiyo, mtu ambaye hajawahi kupiga kuuliza kama tumekula. Akasema yeye ndiye baba wa msichana, yeye ndiye atakayekalia kiti, na kila kitakacholetwa kipelekwe kwake akihifadhi (neno lile lile!). Nikamwambia asante, kiti kina mtu. Kisha nikamwambia Kamau waje Jumapili inayofuata, kujuana tu, na baba wa msichana atakuwepo. Baba mwenyewe alikuwa mimi, miaka ishirini na minane, bila hata kitambi. Nikifaulu kuwafanya watu wa Kawangware wanikubali kama mwenye nyumba, Achieng angeolewa kutoka mlangoni kwetu. Nikishindwa, wangempigia baba mdogo, na mimi ningekaa nyuma na watoto nikimtazama mtu aliyebeba godoro la mama akipokea mbuzi wa Achieng.

Tatizo ni kwamba sikujua baba hufanya nini siku kama hiyo. Ningeweza kumuuliza mzee yeyote wa kanisani kwetu, na wangefurahi kunisaidia, lakini niliona haya kuuliza, na huo ndio uamuzi mdogo ulioniponza. Badala yake nikampa Atieno flashi aipeleke kwa jamaa wa muvi pale njiani amjazie muvi za Kinaijeria zenye kuposa. Akarudi na muvi kumi na moja. Wiki nzima, baada ya chakula cha jioni, tulikaa mbele ya kompyuta kuukuu ya Achieng, mimi nikiwa na daftari kama mwanafunzi wa mtihani, Atieno akitoa maoni, Sajini akikoroma miguuni petu.

Nilijifunza mengi. Baba wa msichana hukaa kwenye kiti kikubwa kuliko vya wenzake. Huvaa nguo pana inayofika chini. Hushika usinga, ule mkia wa kufukuzia nzi, hata kama nzi hayupo. Hasalimii mtu kwanza. Huongea kidogo, kwa sauti nzito, halafu kamera inamkaribia usoni (kamera sikuwa nayo). Na katika muvi moja tuliyoirudia mara tatu, chifu alikuwa na mbwa mkubwa aliyelala miguuni pake, na wageni walipomwona yule mbwa tu, wakaanza kuongea kwa adabu. Nikamtazama Sajini.

"Omosh," Atieno akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, "mbwa wa chifu ana meno."

"Sajini atafunga mdomo," nikamjibu.

Nikakariri sentensi tatu. Ya kwanza, "Ni upepo gani umewaleta?" Ya pili, "Binti yangu si kuku wa sokoni." Ya tatu, "Mmewatukana mababu zangu!" Hiyo ya tatu ilikuwa ya dharura, nilikuwa na hakika haitahitajika.

Chumba chetu hakiwezi kubeba wageni kumi na wawili, kwa hivyo jirani yetu mwenye kibanda cha video akatupa kibanda chake mpaka saa tisa, saa ambayo yeye huanza kuonyesha. Ni kibanda kirefu cha mabati, madirisha yamezibwa kwa karatasi nyeusi, viti ni mbao zilizolazwa juu ya kreti za soda, na kuta zimejaa picha za wanaume wenye bunduki. Picha tulizifunika kwa vitambaa vya kochi. Moja ilikuwa juu sana, tukaiacha, na ndiyo sababu siku nzima Mzee Njoroge alikaa chini ya jitu lililoshika bazuka.

Kiti nilikichomelea mwenyewe, cha chuma, chenye maua mgongoni. Usinga niliutengeneza kwa kamba ya katani na kipande cha bomba. Nguo pana nilipewa na Mama Quinter, jirani yetu na mwimbaji wa kwaya: joho la zambarau lenye kola nyeupe. Ndani yake nilivaa shati langu la kazi lililotobolewa na cheche, kwani nani angeliona?

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Shangazi zake Kamau walikuwa wamesema kwamba kwao msichana hufunikwa leso gubigubi pamoja na wenzake, wakaketi wameinama, na bwana harusi huingia amtambue wake. Akikosea, faini. Mama Quinter akatuletea wasichana watatu wa kwaya wa kufunikwa na Achieng. Nisichokijua ni kwamba Kamau alikuwa ameingiwa na hofu, na Achieng kwa huruma akamnong'oneza kwenye simu: nitakaa wa mwisho, pale ukutani, wewe njoo tu.

Wakafika. Wakasimama nje ya kibanda wakiimba, wanawake mbele, na kina Mama Quinter wakawajibu kutoka ndani, maana mgeni hafunguliwi mpaka aimbe vya kutosha. Mimi nilikuwa nimekalia chuma changu, joho limetandazwa, Sajini miguuni juu ya mito miwili ya kochi amelala fofofo. Nakuapia nilijiona chifu. Ndipo Atieno akaja mbio.

"Omosh! Mamake Kamau anaogopa mbwa! Aling'atwa akiwa mdogo. Kamau amenitext saa hii, anasema akiona hata picha ya mbwa anapanda meza."

Nikainama nimnyanyue Sajini. Akalia. Wimbo wa nje ukakatika.

"Ni nani huyo analia?" sauti ikauliza mlangoni.

"Ni shangazi!" Mama Quinter akajibu haraka. "Amejawa na furaha!"

Kumbeba haikuwezekana. Nikaishika mito nikaivuta na mbwa wake juu, taratibu, mpaka kwenye kona ya ukutani ambako tulikuwa tumetandika mkeka wa wasichana, nikamfunika kwa leso ya kwanza iliyonijia mkononi, ile kuukuu ya mama, nikajiambia ni dakika tano tu, wageni wakiketi nitamtoa kwa mlango wa nyuma. Halafu mlango ukafunguliwa, nikarudi kwenye kiti, nikawa baba, na nikamsahau kabisa.

Mzee Njoroge aliingia wa kwanza, koti na kofia, akaninyooshea mkono. Mimi nikapunga usinga.

"Ni upepo gani umewaleta?" nikauliza, sauti kutoka tumboni.

Akatazama mkono wake uliobaki hewani. "Tumekuja na gari," akasema. "Si mlitutumia location?"

Akaketi chini ya bazuka. Nyuma yake akaja mkewe, shangazi watatu, wajomba, Kamau na suti ya kijivu, na mwisho shosho yao, mamake Mzee Njoroge, kikongwe mwenye bakora ambaye alikaa mbele kabisa bila kusema neno. Mzee akanikodolea macho, kisha akakikodolea kiti.

"Hayo maua," akasema, "si ni ya grili zangu?"

"Ni mabaki, mzee," nikajibu, na ile sauti nzito ikaniponyoka ikatoka nyembamba.

"Aha. Na baba ya msichana ako wapi?"

"Unaongea naye."

Akamgeukia mkewe, mkewe akatazama dari. Nikaona napoteza, nikarusha ya pili: "Binti yangu si kuku wa sokoni!"

"Hakuna mtu amesema ni kuku," mjomba mmoja akajibu.

Bahati nzuri (nilidhani ni bahati nzuri) shangazi mmoja akapiga makofi akasema bibi harusi aletwe, maneno mengi ya nini. Atieno akawaleta wakiwa wamefunikwa, wameinama, wameshikana mikono kama watu wanaovuka mto. Achieng alikuwa wa mwisho ili akae ukutani. Akapapasa, akakuta pale ukutani pana mtu ameshaketi, amefunikwa, anapumua. Akadhani ni msichana wa kwaya aliyejichanganya, akakaa kando yake. Kwa hivyo mkekani palikuwa na mafurushi matano, wakati tulipanga manne. Mtu wa kuhesabu alikuwa mimi, lakini baba wa kwenye muvi hahesabu.

Kamau akainuka. Akajifanya anachunguza (anaigiza vibaya kuliko mimi), akampita wa kwanza, wa pili, wa tatu, akampita Achieng mwenyewe ambaye alikuwa akikohoa chini ya leso mpaka ungedhani ana kifua, akaenda moja kwa moja ukutani akapiga magoti.

"Ni huyu."

Shangazi wakapiga vigelegele. "Mwambie umemjuaje! Ongea naye, usiogope!"

"Nimekujua," Kamau akasema, na kusema kweli alipendeza. "Hata wakufunike leso mia, nitakujua kwa vile unapumua."

Leso ikashusha pumzi ndefu.

"Ameguswa!" shangazi akapiga kelele.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Ningependa kuwaambia kwamba niliruka nikasimamisha mambo, lakini wiki nzima nilikuwa nimejifunza kwamba baba hainuki kitini, kwa hivyo niliinua usinga tu nikasema "Ngoja," na vigelegele vikaimeza hiyo ngoja. Kamau akaweka mkono wake juu ya kile kichwa, kwa upole, akakutana na sikio.

"Mmemfunga kilemba," akasema akicheka.

Kisha akayatazama magoti yake. Sajini, kama wazee wengi, akishtuliwa usingizini hawezi kujizuia, na mito ya kochi haizuii kitu.

"Analia," Kamau akatutangazia, na yeye mwenyewe machozi yakimlenga. "Jamani, analia mpaka suruali yangu imelowa. Usilie, mpenzi, nimekuja."

Akafunua leso.

Sajini akamtazama kwa lile jicho moja zima, akanusa suti, akaona ni mtu mzuri, akamramba kuanzia kidevuni mpaka kwenye kipaji cha uso, polepole, ulimi wote.

Mamake Kamau hakupiga kelele. Alipanda. Alipanda ncha ya benchi lao, na upande wa pili wa ubao ule ule walikuwa wameketi shangazi watatu, ambao waliruka wote pamoja kuja kumwona mbwa, na benchi la mbao juu ya kreti likipoteza shangazi watatu kwa mpigo halina namna: ncha ya mama ikashuka, ncha ya shangazi ikapanda, trei ya soda ikaruka, na mama mkwe wa dada yangu akatua kwenye mapaja ya Mama Quinter akiwa bado amekunja mikono kifuani. Sasa ndipo alipopiga kelele. Wasichana wa kwaya wakatupa leso wakakimbia. Nje, watu waliozoea kibanda wakasikia zogo, mmoja akachungulia mlangoni.

"Leo mmeanza mapema," akasema. "Hii ni ya vita ama ni ya mapenzi?"

"Ni ya mbwa," Atieno akamjibu, akafunga mlango.

Mzee Njoroge alikuwa amesimama, kofia mkononi. "Nilisema! Nilisema tuongee na wazee! Nimetoa familia yangu Kawangware, nikaleta mpaka mama yangu, tuje tuone mtoto wangu akiposa mbwa, na kijana wa grili amevaa gauni ya kwaya!"

Mtu mwenye akili angeomba msamaha. Mimi akili yangu ilikuwa na sentensi moja tu iliyobaki, ikatoka yenyewe, na usinga juu:

"Mmewatukana mababu zangu!"

"Sisi?" Mzee Njoroge akauliza. "Ni sisi tumetukana?"

"Omondi," Achieng akasema. Alikuwa amefunuka, nywele alizosukwa tangu Ijumaa zimevurugika, na machozi yake yalikuwa ya kweli. "Toa hilo joho. Tafadhali."

Na mzee akatoa simu. "Najua mna baba mdogo. Nipeni namba. Nitaongea na mtu mzima."

Hiyo ndiyo sentensi niliyoiogopa wiki nzima, na sasa ilikuwa imesemwa mbele ya kila mtu, na mimi nilikuwa sina ya kujibu kwa sababu zangu zote tatu zilikwisha. Nikavua joho. Shati la matundu likaonekana na kila mtu. Wakati huo Sajini alikuwa akijaribu kusimama, miguu ya nyuma ikateleza kwenye soda, akaanza kugumia, nami sikufikiria, nikaenda nikakaa chini hapo hapo kwenye majimaji (hapa ndipo wanaposema nilianguka), nikamshika kiunoni kama ninavyomshika kila asubuhi, nikamsubiri apate miguu yake.

"Wewe kijana."

Alikuwa shosho. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia.

"Naam, shosho."

"Huyo mbwa ni ya nani?"

"Ni wa mama yetu."

"Na mama ako wapi?"

"Alifariki. Mbwa akiwa mdogo hivi."

Akahesabu kichwani, akimtazama Sajini mdomoni. "Hana meno."

"Hana, shosho."

"Anakula nini sasa?"

"Ugali na omena. Nampondea."

"Unampondea mbwa chakula."

"Ndiyo."

Nikasikia mjomba mmoja akicheka puani. Shosho akagonga sakafu kwa bakora, mjomba akanyamaza. "Na hawa wasichana? Nani amewalea?"

Kwenye muvi zote kumi na moja hakuna aliyeulizwa hivyo.

"Ni yeye," Atieno akasema. "Tangu nikiwa nepi. Alikuwa anatupikia, anatupeleka shule, mpaka nywele alikuwa anatusuka." Akanitazama. "Alikuwa anasuka vibaya sana, lakini."

Shosho ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka bila sauti, mabega tu yakiruka, kisha shangazi mmoja, kisha Kamau akiwa bado amepiga magoti na suruali yake imelowa, mwisho hata Mama Quinter, ambaye mama mkwe alikuwa bado yuko mapajani mwake. Mzee Njoroge peke yake hakucheka.

"Njoroge," shosho akamwambia, "weka simu."

"Lakini, mama, watu wana utaratibu..."

"Weka simu. Wewe ukiwa na miaka kama ya huyu, soksi zako nilikuwa nakufulia mimi."

Mzee wa ploti akaweka simu mfukoni. Sikuwahi kuona grili ikipindwa haraka hivyo. Shosho akanigeukia.

"Baba Achieng," akasema, na nilichelewa kuelewa kwamba anaongea na mimi, "rudi kwa kiti yako tuendelee. Ni kiti mbaya, lakini ni yako. Na wewe Kamau, kwetu mtu akikosea analipa. Umekosea mbili. Umechagua mbwa, na umepita bibi yako akikukoholea. Utaleta mbuzi kwa hawa, na blanketi kwa huyo mzee hana meno."

Basi tukaendelea. Sajini akatolewa nje polepole kwa ajili ya mama mkwe, benchi likarudishwa, Achieng akaketi karibu na Kamau bila leso yoyote, na mimi nikaongea kwa sauti yangu ya kawaida, nikamwambia Mzee Njoroge sijui utaratibu wote na kwamba nisipojua nitauliza. Akanijibu kwa kifupi, akinuna, lakini alinijibu mimi. Saa tisa mwenye kibanda akatufukuza maana watu wake walikuwa wameanza kupiga mabati. Blanketi lililetwa mwezi uliofuata, la pamba, zuri kuliko langu. Mzee Njoroge bado ananiita kijana wa grili, lakini siku hizi husema kwanza "mkwe".

Jioni ile ile baba mdogo alipiga simu. Habari mbaya huwa haisubiri basi. "Nasikia mmeniaibisha," akasema. "Nasikia mmeozesha mbwa."

"Ndiyo, baba mdogo," nikamjibu. "Yule ulishindwa kubeba."

Akakata simu.

Atieno naye yuko kidato cha tatu, siku yake itafika, na nimeshaapa. Usinga niliukata nikaufanya brashi ya kusugulia kutu, muvi kumi na moja nimezifuta. Siku hiyo nitakaa nimevaa shati safi, nitawauliza wazee wa kanisa mapema hata kama nitaona haya, na Sajini, Mungu akimpa maisha, atalala mbele ya kila mtu, wazi, juu ya blanketi lake. Anayeogopa mbwa aniambie siku moja kabla. Na wakitaka kumfunika msichana leso, mwenye kuhesabu vichwa ni mimi, na nitahesabu mara mbili, na miguu pia.